Mashahidi Waliofungiwa Kwenye Friza

Sentensi yenyewe ipo ukurasa wa thelathini na moja, aya ya pili, nayo inasema hivi: "Ongezeko la mbegu za barafu katika sampuli za majira ya baridi linatokana na udongo wa malisho ulioingizwa na mikono ya mhudumu wa kituo." Haikumtaja mtu jina, wala haikuhitaji. Katika kituo cha kupima hewa cha Rasi ya Wexcombe, mhudumu anayepanda paani kubadilisha vichujio ni mmoja tu, naye ni Noeline Kershaw, mke wa kaka yangu, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na tisa hakukosa Jumanne hata moja isipokuwa ile aliyomzika mama yake, na wiki hiyo alikwenda Jumatano.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Nina shahada ya kemia na nimeifundisha sekondari ya Corrigan kwa muda mrefu. Mwanafunzi akiniletea hitimisho la namna hiyo bila kuonyesha alilipimaje, ninamrudishia daftari lake. Hili, hata hivyo, liliandikwa na Daktari Fergus Penhallow, likapitishwa na taasisi nzima, likachapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, na kabla wino wake haujakauka Noeline alikwisha kunyang'anywa ufunguo wa paa.

Noeline alizaliwa kilometa saba kutoka rasi hiyo, katika nyumba ya wakamuaji, akaacha shule akiwa na miaka kumi na mitano kwa sababu baba yake alivunjika nyonga na ng'ombe hawangoji mtu apone. Alipoolewa na kaka yangu Clarrie alihama zizi, kazi ikabaki ile ile. Kituo kilipotafuta mtu wa karibu asiyeogopa kupanda ngazi ya chuma katika upepo wa pwani hii ya Tasmania, ambao huwaangusha hata ndama, msimamizi wa wakati ule alimuuliza kama anaweza kufuata maagizo ya usafi. Noeline alimjibu: "Ng'ombe mmoja aliyechomwa dawa, maziwa yake yakiingia kwenye tangi, lori zima linamwagwa. Wewe ukikosea unafuta namba. Mimi nikikosea, majirani zangu hawali." Akapewa kazi papo hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Jumanne, baada ya kukamua, alioga, akavaa nguo zinazokaa kituoni tu, akajisugua mikono kwa spiriti hadi kwenye viwiko, akavaa glavu mbili mbili, akapanda. Alisimama upande ambao upepo unapita kwenye kichujio kwanza ndipo umfikie yeye, ili hata pumzi yake isikiguse. Alikitoa kwa kibano kile kilichokwisha kunyonya hewa ya wiki nzima, akaweka kipya. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo kiini cha habari hii: alifungua kichujio kingine, akakiweka mahali pale pale pampu ikiwa imezimwa, akahesabu hadi sitini, akakitoa. Hicho hakikunyonya hewa yoyote. Kimepita tu mikononi mwake kama wenzake walivyopita. Kituoni hukiita shahidi. Mikono ikiwa michafu, shahidi atasema. Ikiwa safi, atasema pia. Kila kichujio, cha hewa na cha shahidi, alikikata nusu: nusu ikapelekwa mjini kwa Daktari, nusu ikabaki kwenye friza ya kituo. Mwisho aliandika kwenye daftari la zamu: upepo, mvua, ndege, harufu, chochote alichokiona.

Na Daktari alikuwa akitafuta nini katika karatasi hizo nyeupe? Maji ya wingu hayagandi kwa sababu tu baridi imefika sifuri. Tone dogo la wingu linaweza kushuka hadi nyuzi hasi ishirini na zaidi likiwa bado maji, likikataa katakata kuwa barafu, mpaka likutane na chembe ya kulianzishia, kivumbi au kipande cha kiumbe kilichorushwa hewani. Hiyo ndiyo mbegu ya barafu. Hewa ya bahari yetu ya kusini ina mbegu chache kuliko hewa yoyote ya nchi kavu, hivyo mawingu yake hubaki maji, meupe, yakiikinga bahari na jua. Mwenye kupiga hesabu ya hali ya hewa ya miaka ijayo bila kuzijua mbegu hizo atapata jua asilolitarajia. Kwa hiyo pampu ya Wexcombe hujiwasha yenyewe pale tu upepo unapotoka kusini-magharibi, ambako hakuna ardhi mpaka Amerika Kusini. Ni kazi ya maana. Sina ugomvi na kazi.

Kwa miaka kumi na sita matone yaliyooshwa kutoka kwenye vichujio vya Noeline yaliganda karibu na hasi ishirini, kama bahari safi ipasavyo. Halafu, kwa majira matatu ya baridi mfululizo, yakaanza kuganda kwenye hasi saba. Kitu kinachogandisha maji mapema hivyo ni udongo wenye bakteria, au majani yaliyooza. Daktari akatazama ramani, akaona ng'ombe. Akatazama orodha ya wahudumu, akaona mkamuaji. Akaandika.

Walikuja kumweleza Noeline nyumbani kwake, Daktari pamoja na Rhys Lockett, msimamizi wa kituo wa sasa, mtu mpole anayeogopa barua za wakubwa. Noeline aliwapa chai. Nilikuwepo.

"Bi Noeline, kwanza nataka ujue hakuna anayekulaumu," Penhallow alianza.

"Basi mmefuata nini?"

"Ni suala la mazingira ya kazi tu. Unatoka kukamua, unakuja kituoni. Udongo wa malisho una bakteria ambao..."

"Natoka kukamua miaka kumi na tisa, Daktari. Hao bakteria wako miaka kumi na sita walikuwa likizo?"

Clarrie alipaliwa na chai. Lockett akampiga piga mgongoni, akashukuru kupata la kufanya.

"Mashahidi wamesemaje?" Noeline aliuliza.

"Mashahidi wamezingatiwa."

"Kuzingatiwa ndiyo nini? Wamepimwa?"

"Tunatumia wastani wao."

"Sijakuuliza wastani. Nimekuuliza, zile karatasi ninazokukatia kila wiki, umezifungua?"

Penhallow alisema kuna utaratibu uliokubalika, kwamba ni mambo ya kitaalamu, na kwamba keki ilikuwa nzuri sana. Kisha akaomba ufunguo.

Jioni ile nilikaa na ripoti hiyo hadi nilipofika kwenye kiambatisho cha nne, maandishi madogo ambayo taasisi huweka mahali isipotaka mtu afike. Humo ndimo nilimokuta maelezo. Mashahidi wa mwaka wa kwanza walipimwa wote, wakakutwa safi, ukachukuliwa wastani wao. Tangu hapo wastani huo huo ndio uliotolewa katika kila hesabu, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa kumpima shahidi mmoja kunakula karibu saa nzima. Mwanamke alipanda ngazi ya chuma katika mvua ya mawe kumtengeneza shahidi, mara mia tisa na zaidi, na waliomwagiza amtengeneze hawakumfungua. Siku alipotuhumiwa hawakumwita hata mmoja kati yao. Walikuwa pale pale kwenye friza, wamefungwa kwenye karatasi za foili, tarehe zimeandikwa kwa mkono wake.

Kosa hilo si la mjinga. Mjinga angefungua mfuko akaangalia. Ni kosa la watu walioamini namba yao ya zamani kuliko kitu kilicho mbele yao, halafu wakamfundisha mkamuaji usafi.

Corrigan ni mji mdogo na ripoti ile ilikuwa na nakala nyingi. Kwanza ulikuwa mzaha. Glenda wa dukani alimnyooshea chupa ya bia: "Noeline, shoga, hebu nishikie hii dakika moja ipoe." Noeline akacheka, akaishika kweli, akasema, "Tayari, ila itanuka zizi." Mzaha kama huo mtu huuvumilia. Lakini kwenye mazishi ya mzee Tunbridge, ambako kila mwanamke alileta sahani yake kama ilivyo desturi, Noeline alipeleka skoni, mikate midogo ya chai, kumi na mbili na akarudi na kumi na mbili. Nilimkuta nyuma ya ukumbi akiwatupia shakwe, moja moja.

"Wifi," akaniambia, "mshahara wao wabaki nao. Hata paa lao wabaki nalo. Mimi nataka ile sentensi waifute. Wakiniacha hivi nitakufa mchafu."

Clarrie, ambaye hufikiri kila jambo linaponywa kwa utani, alimwambia amsamehe tu Daktari kwa kuwa hajawahi kushika kitu kikamchafua mikono. Noeline akamkabidhi ile sahani ya skoni akaioshe.

Tuliandika barua mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba ripoti imefungwa. Lockett tulimwendea wenyewe tukamwomba zile nusu za kwenye friza. Akasema hawezi kuzitoa bila kibali cha mjini, akasema anasikitika, na alivyokuwa akikunja kunja kofia yake nilimwamini.

Kila Septemba taasisi hufanya siku ya wananchi katika ukumbi wa Corrigan. Watoto huonyeshwa baluni za hali ya hewa, wakulima huuliza kama mvua itanyesha, na Daktari huleta bamba lake la kugandishia: kisahani cha chuma chenye matone themanini, kinapozwa taratibu huku picha yake ikionekana ukutani. Tone likiganda hubadilika ghafla, kutoka kuwa wazi hadi kuwa jeupe, kama jicho lenye ugonjwa wa mtoto wa jicho. Hupendwa sana. Mwaka ule, alipomaliza kueleza na kuuliza kama kuna swali, Noeline alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Swali ninalo. Hilo bamba lako linaweza kumpima shahidi?"

"Linaweza kupima chochote, Bi Noeline. Lakini hapa hatuna..."

"Tunao." Ilikuwa sauti ya Lockett, kutoka nyuma, nyembamba. "Kibali sijapata. Ila sanduku la baridi limo garini kwangu. Zote thelathini na tisa za majira hayo matatu. Na nusu za hewa pia."

Penhallow aligeuka akamtazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe.

"Haya mambo hayafanywi hivi, jamani, mbele ya..."

"Mbele ya nani?" Glenda aliuliza. "Mbele yetu ulichapisha. Pima mbele yetu."

Watu wakacheka, si kwa wema. Sanduku likaletwa. Noeline alikataa kuligusa. "Chagua mwenyewe," alimwambia Daktari, "usije ukasema nimekupangia." Daktari akachukua mfuko wa Julai ya mwaka uliotangulia. Ni lazima niwe mkweli: mara alipoanza kufanya kazi, aliifanya kwa haki. Alivaa glavu, akatia nusu ya shahidi kwenye chupa ya maji safi kabisa, nusu ya kichujio cha hewa cha wiki hiyo hiyo kwenye chupa nyingine, akazitikisa, akadondosha matone: safu za kushoto za shahidi, za kulia za hewa. Akafunika. Baridi ikaanza kushuka na namba zikashuka nayo ukutani.

Kwenye hasi saba tone moja la kulia liliganda. Halafu matatu. Hadi hasi kumi na moja upande wa kulia ulikuwa karibu wote mweupe. Upande wa kushoto ulikuwa wazi kama kioo cha dirisha. Hasi kumi na tano, wazi. Ukumbi mzima ulikuwa umeacha chai. Hasi kumi na nane. Noeline alikuwa ameshika ukingo wa kiti kilicho mbele yake, na midomo yake ilikuwa ikihesabu, kama alivyozoea kuhesabu paani. Tone la kwanza la shahidi liliganda kwenye hasi ishirini na tatu.

"Sampuli moja haithibitishi," Penhallow alisema, kwa sauti ya chini.

"Zimo thelathini na tisa," Noeline alimjibu. "Sisi tunakamua saa kumi. Mpaka hapo muda ni wako."

Alipima mbili zaidi. Matokeo yakawa yale yale. Baada ya ya tatu alivua glavu, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, akauliza, na nadhani alikuwa akijiuliza mwenyewe: "Basi zimetoka wapi? Kama ni hewani kweli, kusini-magharibi pale hakuna kitu."

Aliyejibu ni Merv Hadley, mzoa mwani, ambaye ameishi maisha yake yote akiuza mwani mkubwa unaotupwa ufukweni na dhoruba.

"Lango letu mlifunga lini, Daktari?"

"Lango gani?"

"La njia ya ufukweni, chini ya kituo. Si mlituandikia kwamba moshi wa malori yetu unawachafulia hewa?"

"Miaka mitatu iliyopita," Lockett alisema. "Mwezi wa nne." Kisha akajishika mdomo.

"Ee. Tulikuwa tunauzoa kila dhoruba ikipita. Sasa hauzolewi. Unalala pale chungu nzima, kimo cha mtu, unaoza hadi Oktoba. Upepo wenu ukitoka huko unapitia wapi kwanza? Hebu shuka siku moja uvute pumzi, bwana. Utatapika."

"Hili halijaandikwa popote," alisema Penhallow.

"Nimeliandika mimi!" Noeline alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Kila Jumanne. Mwani umelundikana. Mwani unanuka. Mwani unanuka zaidi. Madaftari matatu! Nani alikuwa anayasoma?"

Hakuna aliyekuwa akiyasoma. Ilibainika baadaye kwamba safu ile ya daftari, mjini, huitwa maelezo yasiyo ya kipimo, na kwamba hainakiliwi. Ili kuilinda hewa yao na moshi wa malori mawili, waliwafukuza watu pekee waliokuwa wakiisafisha. Hewa ilipochafuka wakamtafuta mwenye mikono. Na yule waliyemtafuta ndiye aliyekuwa akiwaandikia, wiki baada ya wiki, kwa mwandiko unaosomeka, uchafu unatoka wapi.

Merv alimpa Daktari ndoo ya mwani uliooza aondoke nayo. Baada ya mwezi majibu yalikuja: matone ya maji ya ule mwani yaliganda kati ya hasi sita na hasi tisa. Mashahidi thelathini na sita waliobaki walipimwa, wote safi. Wiki ambazo Noeline aliandika harufu ndizo zilizokuwa na mbegu nyingi. Ulikuwa uvumbuzi, na taasisi ilijua. Penhallow akaja tena, safari hii peke yake, akamkuta zizini akifunga mashine za kukamulia.

"Bi Noeline, nakuletea habari njema. Tunaandika makala mpya. Ya mwani. Na jina lako tutaliweka, kwenye waandishi kabisa, si kwenye shukrani."

"Na ile sentensi?"

"Ile ripoti imefungwa. Lakini makala mpya ikitoka, kila mtu ataelewa kwamba..."

"Nani huyo kila mtu? Ripoti yako imo maktaba ya shule ya wifi yangu. Makala yako watoto wa Corrigan wataisomea wapi?"

"Kimsingi hatukukutaja jina kule. Kwa hiyo kukanusha kwa jina, kisheria..."

"Daktari, tupo wangapi tunaopanda paa lile?"

Daktari akampisha ng'ombe aliyekuwa akipita.

"Nimekuuliza. Wangapi?"

"Mmoja."

"Basi ulinitaja. Jina langu liweke pale uliponichafua. Kwingine andika lako."

Akaendelea kufunga mashine. Daktari akavuka tope na viatu vyake vya mjini, akaondoka.

Ilichukua miezi mitano zaidi. Bodi ilikaa, wanasheria wakasoma, mtu fulani akapendekeza neno "kutoelewana", na Penhallow, nilikuja kuambiwa, alilikataa neno hilo. Masahihisho yakachapishwa, yakapelekwa kila mahali ilikokwenda ripoti, yakiwa yamebandikwa ukurasa wa thelathini na moja: kwamba kauli ya aya ya pili haikuwa ya kweli, kwamba haikupimwa kabla ya kuandikwa, kwamba vichujio vyote vilishikwa na Noeline Kershaw, navyo havikuwa na uchafu wowote wa kushikwa. Maneno machache sana kwa mwaka mzima na nusu wa maisha ya mtu. Sikumsifu mtu kwa kuyaandika, wala sitamsifu. Noeline aliyasoma mezani kwake mara mbili, kidole chini ya kila neno, akaniomba nimtolee nakala, akaipeleka dukani na kuibandika mwenyewe mlangoni, kati ya tangazo la trekta na la mbwa aliyepotea. Glenda alimtafutia utepe.

Lockett alileta ufunguo Ijumaa.

"Karibu tena, mama," akasema. "Tumekukosa."

"Nashukuru. Lango mmeshafungua?"

"Kuna kamati inalitazama."

"Imekutana mara ngapi?"

"Bado haijakutana."

Noeline aliuchukua ufunguo, akamwambia wikiendi hiyo dhoruba ilikuwa njiani, na kwamba Jumanne angeandika tena kile kile kwenye daftari. Kwa hiyo amtafute mapema mtu mmoja mjini anayejua kusoma.